Gari la magurudumu nane linaloelea: kulitunza Goma, kati ya makoro na ziwa

Anayenunua gari la magurudumu sita au nane la kuingia majini hapa Goma huwaza ziwa kwanza. Fedha zake zitaliwa na makoro, yaani mawe makali ya volkano. Mashine hizi (Argo za Kanada, zinazotengenezwa Ontario tangu 1967, Max za Marekani, na nyingine chache) zilibuniwa kwa vinamasi, theluji na udongo laini wa msituni. Jiwe la volkano linakata, na halichagui kati ya tairi na bodi ya plastiki. Kwa hiyo tuanze chini, kwenye tairi, shene na bodi. Maji yatafuata.

Kwanza uelewe linavyokata kona, maana nusu ya hitilafu hutokea hapo. Hakuna gurudumu la mbele linalogeuka. Injini inazungusha ukanda, ukanda unapeleka nguvu kwenye giaboksi, na giaboksi inagawa pande mbili. Kila upande, ekseli zote zimeunganishwa kwa shene zilizomo ndani ya bodi. Ukitaka kwenda kulia, upande wa kulia unafungwa breki na wa kushoto unaendelea kusukuma. Maana yake tairi za upande mmoja lazima zizunguke sawasawa, zipende zisipende, na kila kona ni tairi kuburuzwa kando juu ya ardhi.

Tairi

Upepo wake ni mdogo mno ukilinganisha na gari la kawaida. Aina nyingi zinataka kati ya 2 na 7 psi, yaani bar 0.15 hadi 0.5, soma kibandiko cha mashine yako. Fundi wa pine wa barabarani, aliyezoea kujaza Fuso kilo saba, ana kipimo ambacho sindano yake haitikisiki hata kidogo kwenye bar 0.3. Nunua kipimo chako cha upepo mdogo, kisicho na zaidi ya bar 1, na ujaze kwa pampu ya mkono. Tairi iliyojazwa kilo moja "ili iwe ngumu kwa mawe" inakuwa duara kama mpira, inagusa chini katikati tu, inarusha abiria, na inapasuka upesi zaidi kwa sababu haiwezi tena kubonyea juu ya jiwe.

Kisha pima mzunguko. Inua mashine, chukua futi ya fundi cherehani, zungushia kila tairi katikati ya meno yake. Tairi za upande mmoja zisipishane zaidi ya sentimita moja au mbili. Zikipishana, ile kubwa inataka kwenda mbali kuliko ndogo, shene inakataa, na mvutano unajikusanya hadi uachie kwa mshtuko unaousikia kama nyundo chini ya kiti. Rekebisha kwa kuongeza au kupunguza upepo kidogo. Ikishindikana, hamisha tairi ili zinazolingana zikae upande mmoja. Ndiyo maana kununua tairi mpya moja tu ni fedha ya kutupa: nunua za upande mzima, au tafuta iliyochakaa kiasi kile kile.

Wapo wenye mashine wanaoongeza upepo kidogo kwenye tairi za katikati ili kona ziwe nyepesi. Kwenye matope ni sawa. Kwenye makoro unaikabidhi tairi ya katikati mzigo wote na jiwe lote.

Tundu la msumari kwenye meno linazibwa kwa kiraka cha kuchomeka, kama cha gari lolote. Ubavu ukikatwa, kiraka hicho hakishiki: vua tairi, bandika kiraka kipana kwa ndani, weka tyubu. Na usigeuze mashine papo hapo juu ya mawe. Songa mbele huku ukikata kona pana, kwa gia ndogo.

Shene

Mashine nyingi zinatumia shene ya viwandani namba 50, ambayo hatua yake, yaani kutoka pini hadi pini, ni milimita 15.875. Ikikatika na ya namba 50 haipatikani mjini, uliza shene ya pikipiki kubwa iliyoandikwa 530: hatua, upana na unene wa rola vinalingana. Ile ya 520 ina hatua hiyo hiyo lakini ni nyembamba, haingii vizuri kwenye meno. Na shene ya piki za motari, iliyoandikwa 428, usiiguse kabisa. Hata kwa mashine ndogo yenye shene namba 40, ambayo hatua yake ni ile ile ya milimita 12.7, rola ya 428 ni nene zaidi (8.5 badala ya 7.9) na haikai chini ya jino. Itaingia, itazunguka gereji nzima, kisha itakula meno.

Kupima uchakavu: ivute inyooke, hesabu hatua kumi na mbili, pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya kumi na tatu. Namba 50 mpya inatoa milimita 190.5. Ikifika 194, ibadilishe. Meno yakiwa yamechongoka kama papa, badilisha pia sproketi (gurudumu la meno linaloshika shene), la sivyo shene mpya itazeeka haraka. Ulegevu: bonyeza katikati ya shene kwa kidole, kwa kila nusu mita kati ya sproketi mbili, icheze kama sentimita moja. Ikikaza kabisa inavunja beringi, ikilegea inaruka meno pale unapofunga breki upande mmoja.

Grisi nzito ya kopo haiingii ndani ya pini. Inakaa nje, inakusanya vumbi jeusi la volkano, na mchanganyiko huo unasaga kama msasa. Tumia oili nyepesi au dawa ya shene, ipake kwenye mwanya wa viungo, subiri, pangusa ya juu.

Bodi

Bodi za mashine nyingi ni poliethilini, plastiki ile ile ya bidoni la njano. Hii ni habari njema Goma, maana vifaa vya kuiziba vimejaa kila mtaa. Ila hakikisha kwanza. Chonga kipande kidogo kama ukucha, kitupe majini. Kikielea, ni poliethilini. Kikizama, huenda ni ABS, plastiki ya aina nyingine iliyotumika kwenye baadhi ya mashine za miaka ya 1970, na hiyo inaungwa kwa njia nyingine.

Gundi za epoksi, silikoni na utomvu wa fiberglasi hazishiki kwenye poliethilini. Zinaonekana zimeshika, mpaka bodi ikunje kidogo juu ya jiwe zinaachia kama ganda. Poliethilini inaungwa kwa moto na kwa plastiki ya aina yake:

1. Toboa tundu la milimita 3 au 4 kwenye kila mwisho wa ufa. Bila hivyo ufa utaendelea baada ya kiraka.
2. Chonga mfereji wenye umbo la V kando ya ufa, karibu kufikia upande wa pili.
3. Osha kwa sabuni, kausha, kisha kwangua uso kwa kisu dakika hiyo hiyo unapoanza kuunga. Plastiki iliyopigwa jua ina ganda lisiloshika.
4. Kata vipande vya bidoni, upana wa milimita 5 hivi, kutoka ubavuni. Angalia alama ya 2 ndani ya pembetatu chini ya bidoni. Lililobeba mafuta ya kula au esansi liache.
5. Tumia mashine ya hewa moto, nyuzi 250 hadi 300. Pasha mfereji na kipande kwa pamoja hadi vyote ving'ae kama vimelowa, ndipo ukandamize. Ukiyeyusha kipande peke yake na kukimwaga juu ya bodi baridi, umepaka tu, hujaunga.
6. Ukuta wa bidoni ni mwembamba, kwa hiyo rudia tabaka mbili tatu. Acha ipoe polepole bila kumwagia maji.

Jaribu kwanza mahali pasipoonekana: unga kipande, kipoe, kivute kwa koleo. Kikibanduka kizima, plastiki hazilingani.

Ukiwa njiani bila umeme, kata bamba la alumini la milimita 2, weka kipande cha tyubu ya gari chini yake, funga kwa boliti zenye washa pana. Kiraka hicho kitakufikisha nyumbani. Na kama mashine itaishi Goma, weka ngao ya plastiki ngumu chini ya tumbo lote kabla ya safari ya kwanza. Ni gharama, lakini bodi mpya nzima ni gharama zaidi, na kuileta hadi hapa ni kazi nyingine.

Ziwani

Magurudumu yanapiga maji kama makasia na mwendo unafika kama kilomita 4 kwa saa. Upepo wa mchana wa Ziwa Kivu unakushinda bila jasho. Mashine hizi ni za maji yaliyotulia na ya karibu: ghuba, vinamasi, mto mpole. Kwenda kisiwa cha Idjwi kwa magurudumu si jambo la kujadili. Kivu haina ufuko mrefu wa maji mafupi. Hatua chache kutoka ufukweni chini inapotea, na kina kikubwa hufika mita 485 hivi. Ukiona povu jeupe kwenye mawimbi, usiingie majini: zima injini, kunywa chai.

Kabla ya kuingia, hakikisha vizibo vya kutolea maji vimefungwa kwa mkono wako mwenyewe, pampu ya ndani inafanya kazi, na mzigo uko chini na katikati. Idadi ya watu majini ni pungufu kuliko nchi kavu: mashine nyingi za magurudumu nane zinazobeba sita barabarani zinaruhusiwa wanne majini. Kila mtu na jaketi la kuokolea, kasia moja, kamba ya mita 20. Ingia polepole kwa gia ndogo, pua ikielekea maji moja kwa moja. Ukiingia kwa upande, tairi za upande mmoja zinaelea wakati za upande wa pili bado ziko juu ya jiwe, na mashine inalala.

Uvujaji unatafutwa ukiwa umeegesha kwenye maji yasiyopita magoti. Kausha ndani, nyunyiza unga wa chaki kuzunguka kila ekseli, keti dakika ishirini. Mstari uliolowa unaonyesha sili (mpira wa kuzuia maji kwenye ekseli) iliyokufa. Matone machache ni kawaida. Lita mia moja ndani ya bodi ni kilo mia moja ambazo zinakimbilia upande ulioinama, na hapo ndipo mashine hupinduka.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo kitabu cha Kanada hakilisemi: mazuku. Kwenye mabonde na mashimo ya karibu na ufuko, hasa upande wa Sake, kaboni dioksidi inatoka ardhini na kulala chini usiku usio na upepo. Dereva wa mashine hizi amekaa chini, ndani ya bodi iliyo kama beseni. Injini ikikosa nguvu au kuzimika yenyewe ukishuka bondeni alfajiri, usiiname kuangalia kabureta. Ondoka kwa miguu kwenda juu mara moja, hata kama mashine inabaki. Majani yaliyokauka kwa duara na ndege waliokufa ni onyo la kutosha kutoshuka kabisa.

Baada ya maji

Kazi hii ifanyike siku hiyo hiyo. Fungua vizibo, inamisha mashine, ondoa maji yote. Piga grisi kwenye kila nipo ya beringi za ekseli mpaka grisi safi itoke ikisukuma chafu na maji. Ukiacha hadi kesho, maji yameshaingia kwenye goroli. Suuza, maana maji ya Kivu yana madini yanayoacha utando mweupe. Paka shene oili. Chomoa kipimo cha mafuta ya giaboksi: yakiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na yabadilishwe kabla injini haijawashwa tena, kisha uangalie mrija wa kupumulia kama umetoka mahali pake. Ukanda ukilowa, unateleza na kuungua. Washa injini mashine ikiwa imesimama, mfuniko wa ukanda ukiwa wazi, hadi ukauke.

Injini yenyewe haisumbui sana. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, kwa hiyo tegemea kupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu iliyoandikwa. Yenye kabureta iliyopangwa kwa nchi za chini itakunywa esansi nyingi na kutoa buji nyeusi yenye masizi. Weka jeti ndogo kidogo hadi buji iwe ya kahawia. Kichujio cha hewa kikaguliwe kila wiki ya kazi, kwa sababu vumbi letu ni kioo kilichosagwa.

Unayenunua iliyotumika, inua kila upande na utikise kila gurudumu juu na chini: likicheza, beringi au ekseli imekwisha. Zungusha tairi moja kwa mkono, usikilize shene. Lala chini uangalie tumbo lote, hasa chini ya ekseli za katikati, ambako viraka hufichwa kwa rangi. Kisha piga picha ya kibandiko chenye namba ya mashine, pamoja na namba iliyogongwa kwenye shene na kwenye beringi. Muuza vipuri wa Kampala au Dubai atakuuliza hizo kabla hajakutajia bei.