Bondi ya ayoni: jinsi ya kupata fomula bila kukariri

Wanafunzi wengi wanakariri NaCl, MgCl2, Al2O3 kama namba za simu, halafu wakiletewa kitu kigeni kwenye mtihani wanakwama. Hamna haja, we hesabu elektroni za mzunguko wa nje tu.

Chukua sodiamu, ina elektroni 11, zipange 2, 8, 1. Hiyo moja ya nje ndo ya kuangalia, iko mbali na kiini na haijashikwa sana. Klorini ina 17, yaani 2, 8, 7, imepungukiwa moja kufika 8. Basi sodiamu inatoa, klorini inapokea. Sodiamu sasa ina protoni 11 na elektroni 10, inakuwa chanya moja, klorini ina protoni 17 na elektroni 18, hasi moja. Atomu yenye chaji hivi ndo inaitwa ayoni.

Hapa ndo karibu kila niliyemfundisha anakosea: bondi sio kule kupeana elektroni!! Bondi ni ule mvutano wa chanya na hasi baada ya kupeana. Andika hivo hivo, usipunguze.

Kwenye fomula chaji lazima zifutane zote. Magnesiamu ni 2, 8, 2, inatoa mbili, klorini moja inapokea moja tu kwahiyo unahitaji klorini mbili, MgCl2. Alumini inatoa 3, oksijeni inapokea 2, zinakutana kwenye 6, so alumini 2 na oksijeni 3, basi.

Afu usichore chumvi (ndo hiyo NaCl, sodiamu na klorini) kama viatomu viwili vimeshikana mkono. Kila sodiamu imezungukwa na klorini 6 na kila klorini na sodiamu 6, juu chini kushoto kulia mbele nyuma, inaendelea hivo mpaka mwisho wa punje. Mwaga chumvi laini ya paketi kidogo kwenye karatasi nyeusi uvute kwa kamera ya simu, utaona viboksi vyenye kona, umbo hilo limetoka kwenye huo mpangilio. Na mvutano ni mkali, chumvi inayeyuka kwa moto wa nyuzi 801, MgO (magnesiamu na oksijeni) inapita 2,800 maana chaji zake ni mbili kwa mbili.

Ukitaka kuziona ayoni zikifanya kazi, unga betri ya volti 9 na kitaa cha LED, acha nyaya mbili wazi. Zichomeke kwenye chumvi kavu, giza. Zitie kwenye glasi ya maji yenye chumvi, zisigusane, kitaa kinawaka kwa sababu ayoni zimeachiana na zinatembea. Betri tu lakini, umeme wa ukutani usiuguse kabisa.