Namna ya Kutumia Bidhaa za Protini kwenye Nywele

Kabla ya kununua kondishena yenye protini, chunguza kwanza iwapo nywele zako zinaihitaji. Chukua unywele mmoja uliolowa, ushike ncha zote mbili, kisha uuvute taratibu. Unywele wenye afya, ukiwa umelowa, huweza kurefuka kwa takriban asilimia 30 na kurejea ulivyokuwa. Ukirefuka ukabaki umelegea, huenda protini ikausaidia; ukikatika papo hapo bila kuvutika, kinachopungua zaidi ni unyevu, na protini ya ziada itaukaza zaidi. Kipimo hiki si cha maabara, lakini ni afadhali kuliko kubahatisha dukani, mradi ujaribu nywele kadhaa za sehemu mbalimbali za kichwa.

Unywele umejengwa zaidi kwa keratini, ambayo nayo ni protini, na umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana. Rangi, dawa ya kunyoosha na pasi ya moto huyainua na kuyamega magamba hayo. Zinazofaa kutengeneza uharibifu huo ni protini zilizokwisha kukatwakatwa, ambazo lebo huzitambulisha kwa neno "hydrolyzed": vipande vidogo sana hupenya ndani ya unywele, ilhali vikubwa hubaki juu na kutandaza utando unaopunguza msuguano wakati wa kuchana. Yai bichi, pamoja na sifa zote linazomiminiwa, lina protini kubwa mno zisizoweza kupenya. Hata bidhaa bora haifufui unywele, kwa kuwa sehemu iliyokwisha kutoka kichwani haina uhai. Inautia kiraka tu, na kila unapoosha kiraka hicho hupungua.

Osha kwa shampuu, kamua maji, kisha paka kuanzia katikati ya nywele hadi kwenye ncha, ambako ndiko kukongwe na kulikochakaa zaidi. Usizidishe muda ulioelekezwa kwenye lebo. Suuza, halafu malizia kwa kondishena ya kulainisha isiyo na protini. Anza kwa mara moja kwa mwezi, na uongeze tu iwapo nywele zimepaushwa kwa kemikali na zinaonekana kuitikia. Zikianza kuwa ngumu, zikakwaruza mkononi na kukatika unapozichana, acha protini kabisa na utumie vilainishi hadi zirejee hali yake.

Mwenye mzio wa ngano asome orodha ya viambato kwa makini, kwa sababu protini ya ngano hutumika sana katika bidhaa hizi na imewahi kuwasababishia baadhi ya watu mzio wa ngozi.