Kutoboa boneti ya Starlet ili joto lipate pa kutokea

Kutoka Mombo kupanda Lushoto ni kama kilomita 33, kona juu ya kona, na ukiwa na abiria wanne na magunia nyuma unapanda kwa gia ya pili muda mrefu. Huko ndiko Toyota Starlet yangu, modeli ya EP82 yenye injini ya 4E-FE ya lita 1.3, ilikokuwa ikiniaibisha. Hata Soni, ulio katikati ya njia, hatujafika, mshale wa joto umeshaanza kupanda, nami nazima AC na kufungulia hita ili injini ipoe, kwenye jua la mchana. Wenye gari ndogo mnaijua hali hiyo.

Siku hizi boneti yangu ina matundu mawili na mshale umetulia. Ila nusu ya dawa haikuwa kwenye matundu, kwa hiyo usianze na grinda.

Hatua ya 1: Jua gari inachemshia wapi

Ikichemsha kwenye foleni na kupoa ukianza kutembea, angalia feni: mota, rilei, swichi ya joto. Ikichemsha ukiwa mbio barabara kuu, rejeta imeziba au hewa haiipiti vizuri. Ikipunguza maji kila siku na huoni yanapovuja, huenda ni hedi gasketi (kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku) na somo hili halikuhusu.

Kagua mfuniko wa rejeta. Ule ulioandikwa 0.9, yaani kiasi cha mgandamizo unaoushikilia, ukishika sawasawa, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 119. Mpira wake ukichoka yanachemka kwenye 100, na juu milimani hata 100 hayafiki. Kimfuniko hicho kimewauzia watu rejeta nzima bila sababu.

Themostati, vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata joto, nayo iwepo. Fundi akikwambia "tuitoe tu, maji yazunguke", iache themostati mahali pake na umnyang'anye spana. Nyingi za Toyota hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini inakaa baridi, inakunywa mafuta, na rejeta iliyoziba inabaki imeziba.

Hatua ya 2: Ziba mbele

Hapa ndipo penye siri, na wengi huparuka. Hewa inayoingia kwenye grili haina mapenzi na rejeta. Ikiona upenyo pembeni, juu au chini yake, inapita huko maana ni rahisi kuliko kupenya kwenye mapezi. Piga magoti, chungulia kwa tochi: kila unapoona mwanga pembeni ya rejeta, hewa inatoroka hapo. Nimeziba kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani na bati jepesi, kutoka bampa hadi kwenye rejeta pande zote.

Halafu kava la chini. Gari nyingi zikishabadilishwa oili mara tatu nne, kava hilo linabaki uani kwa fundi. Watu hulidhania la kuzuia tope tu. Lisipokuwepo, hewa ya chini ya gari inajaa ndani ya boneti, nyuma ya rejeta, na ile ya mbele inakosa pa kwenda. Hewa hupita kwenye rejeta kwa sababu mgandamizo wa mbele unazidi wa nyuma; ukijaza nyuma, umeisimamisha.

Kwangu hatua hii peke yake ilinifikisha Soni bila kuzima AC. Ningekuwa mtu wa kuridhika ningeishia hapo.

Hatua ya 3: Tafuta mahali pa kutoboa

Boneti yangu ya kwanza niliiharibu. Nilitoboa karibu na waipa, kwa kufikiri joto hupanda juu na nyuma. Lakini gari ikikimbia, hewa hugonga kioo cha mbele na kurundikana pale chini yake, kwa hiyo mgandamizo wa hapo ni mkubwa. Matundu yangu yalikuwa yanaingiza hewa badala ya kuitoa, na nikisimama kwenye mataa harufu ya injini inaingia ndani, kwa sababu tundu la hewa ya abiria liko hapo hapo.

Sehemu yenye mvuto, yaani mgandamizo mdogo unaonyonya hewa itoke, iko mbele, katika theluthi ya kwanza ya boneti, nyuma kidogo ya ukingo wake, ambapo hewa inajikunja kupanda na kuongeza kasi. Usiniamini mimi, pima. Chukua mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ukunje kama herufi U, tia maji yenye rangi kidogo, ufunge wima mbele ya kiti cha abiria. Ncha moja iingie ndani ya boneti. Nyingine ilale juu ya boneti, ifungwe kwa utepe wa karatasi wenye gundi chini ya kisahani chembamba cha bati chenye tundu la milimita 2. Mwenzio aendeshe kilomita 80 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, wewe utazame maji. Yakipanda upande wa ncha ya juu, pale pana mvuto, na hewa itatoka. Yakipanda upande wa ndani, hama. Usitegemee makubwa: kwa mwendo huo nguvu yote ya upepo ni kama milimita 30 za maji, na tofauti unayoitafuta ni sehemu tu ya hizo.

Hatua ya 4: Kata

Nunua boneti ya pili iliyotumika, kwa wa Dar pale Ilala hazikosekani. Ya asili iweke chini ya kitanda. Utanishukuru siku ya kuuza gari.

Igeuze kwanza. Kwa ndani ina mbavu, na hizo hazikatwi. Ndizo zinazoishikilia boneti na kuifanya ijikunje vizuri gari ikigonga. Kaa mbali na bawaba, na acha sentimita 10 kuzunguka loki. Toboa kona za mchoro kwa drili ukianzia ndani, uhamishie alama juu. Mimi nilikata mbili za sentimita 25 kwa 9. Kona ziwe za duara, maana kona kali huanzisha ufa.

Bandika utepe wa karatasi wenye gundi pembeni ya mstari. Boneti iwe imetolewa kwenye gari, kwa sababu cheche za grinda zikitua kwenye kioo hazitoki tena. Kata ndani ya mstari, malizia kwa tupa. Piga msasa, kisha praima na rangi siku hiyo hiyo. Wa Tanga, Mombasa na Zanzibar, siku hiyo hiyo maana yake kabla ya jua kuzama.

Hatua ya 5: Vibao

Fundi bati atakukunjia vibao vya kukaa juu ya matundu, vya alumini yenye unene wa milimita 1.2, midomo ikitazama nyuma. Ukingo wa mbele wa tundu uinuliwe sentimita 1; hewa ikiuruka inaacha mvuto nyuma yake. Piga riveti za milimita 4 kila baada ya sentimita 5. Katikati ya alumini na chuma weka silikoni, la sivyo chumvi ya hewani italishambulia moja kwa kisingizio cha lingine.

Kwenye EP82 distributa, inayogawa umeme kwenye plagi, haipendi maji. Funga kibati chembamba chini ya tundu lililo juu yake, kiinamie pembeni, maji yatiririkie huko na hewa ipite.

Maswali ya wanachama

Mwalimu wa Vitz: Mkuu, si rahisi kuweka washa (ringi za chuma) kwenye bawaba boneti inyanyuke nyuma? Vijana wengi wanafanya hivyo.

Ukiwa umesimama joto litatoka, ni kweli. Ukikimbia unarudi kwenye kosa langu la boneti ya kwanza. Na boneti iliyonyanyuliwa kwenye bawaba haikai tena kama kiwanda kilivyotaka siku ya ajali.

Mama Nuru: Nimeona Starlet GT Turbo ina mdomo juu ya boneti unaotazama mbele. Mbona wewe umegeuza nyuma?

Dada, ule ni wa kuingiza hewa. Intakula (kipoza hewa) ya turbo imelala juu ya injini na inapozwa na ule mdomo. Yangu haina turbo, nataka hewa itoke. Mwenye Lancer Evolution akikufungulia boneti yake utaona matundu ya kutolea joto.

Kijana wa Likoni: Ndugu yangu, kuna hizi za plastiki za kubandika, zauzwa na gundi yake. Zasaidia?

Zinasaidia kuficha mkwaruzo.

Dereva wa Noah: Yangu ni ile ya zamani, SR40. Nitoboe wapi?

Kaka, injini yako umeikalia. Fungua kiti uhakikishe, kisha rudi hatua ya 1 na ya 2.

Babu Kihurio: Na masika je? Huku mvua ikishuka haishuki kidogo.

Shikamoo babu. Nimeendesha masika mawili. Gari ikitembea maji mengi hupeperushwa. Shida ni ikilala nje usiku: nimekata turubai dogo lenye sumaku pembeni, nalifunika. Siku niliyolisahau, asubuhi ilichelewa kuwaka, nikafungua kifuniko cha distributa nikakifuta kwa kitambaa.

Mwalimu wa Vitz: Bima wanasemaje?

Nimewaandikia kwamba boneti imebadilishwa, nikaambatanisha picha, na nakala yenye muhuri wao naiweka kwenye gari.