Tuisheni ya kusoma na kuandika: kumtoa mtoto kwenye wimbo wa "ba be bi bo bu"

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayezungukia nyumba za watu hapa Dodoma jioni, akifundisha watoto wa darasa la kwanza hadi la nne. Hata kama mtoto yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza, anza na Kiswahili. Silabi zake karibu zote huishia na irabu na herufi hazibadiliki sauti, kwa hiyo mtoto anashika mapema.

Hatua ya 1: Mpime kabla ya kupatana bei

Usimpimie kwenye kitabu chake cha shule, huenda amekikariri mpaka picha. Mwandikie maneno kumi yasiyo na maana: tefu, mogi, lasupe, nibako na mengine ya namna hiyo. Akisoma manane, shida ni kasi au ufahamu. Chini ya hapo anarudi kwenye silabi, hata awe wa darasa la nne, na mzazi aambiwe siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Vifaa

Karatasi moja ya manila, maka peni nyeusi, mkasi, daftari la mwandiko, penseli na raba. Programu za simu achana nazo. Mtoto hubonyeza hovyo mpaka jibu litokee.

Hatua ya 3: Kuvunja wimbo

Hapa ndipo tuisheni nyingi hukwama miezi. Mtoto anaimba chati nzima bila kukosea, mzazi anafurahi, kumbe kilichokaa kichwani ni mpangilio. Mwoneshe "mo" peke yake halafu tazama midomo: ataanza kunong'ona "ma, me, mi…" mpaka aifikie. Huyo anahesabu, hasomi. Ndiyo maana chati za ukutani sizitaki.

Kata manila vipande vya ukubwa wa kiganja, kila kimoja silabi moja. Piga mstari chini ya silabi, la sivyo kadi ikigeuka juu chini, "n" inakuwa "u" na mnabishana bure. Siku ya kwanza toa kadi tano tu, kila moja na konsonanti na irabu yake: mo, ta, ki, lu, se. Changanya kama karata. Jibu lije ndani ya sekunde tatu. Likichelewa, taja wewe, arudie, kadi irudi katikati ya rundo. Usimsubiri, ukimsubiri unampa nafasi ya kuimba.

Kadi tano zikikaa, unganisha: ta-ki, lu-mo, ki-ta-se. Maneno yasiyo na maana yanamnyima nafasi ya kubahatisha. Ongeza tatu kwa siku, zile zilizomshinda jana zikitangulia. "B" na "d" zisiingie wiki moja. Fundisha "b" mpaka izoeleke kabisa, "d" ifuate baadaye, maana zikija pamoja zinagombana muda mrefu.

Hatua ya 4: Silabi ngumu

Tumia majina ya mahali anayoyasikia stendi. Bahi ni rahisi. Kisha Kondoa (ko-ndo-a), Hombolo (ho-mbo-lo), Kongwa (ko-ngwa), na Mpwapwa (m-pwa-pwa) iwe ya mwisho. Chang'ombe ni ya kufundishia ng': avute sauti ya "ng'" kisha abane pua, itakatika. Th, dh na gh zinaweza kusubiri.

Hatua ya 5: Imla

Maneno sita na sentensi moja kila kipindi. Kabla ya kuandika apige makofi kwa silabi: mtoto ni matatu, mbuzi ni mawili. Akiandika "mutoto", mrudishe kwenye makofi: ile m inajitegemea bila irabu. Kwa l na r mpe jozi zenye maana tofauti, kama kalamu na karamu, na umtajie ndani ya sentensi. Sahihisha kosa la aina moja kwa siku. Daftari lililojaa wino mwekundu linamfanya aandike maneno mafupi tu ili asikosee.

Hatua ya 6: Ratiba na malipo

Dakika 45, siku nne kwa wiki, watoto wasizidi wanne kwenye mkeka mmoja. Hela ya mwezi ilipwe mwanzoni. Mzazi akikuomba umfanyie mtoto kazi za shule ndani ya muda huo, kataa, au mpatane kipindi kingine kwa bei yake.