Namna ya kuskani mchoro wa wino bila kupoteza mistari yake

Mchoro wa wino unapotoka kwenye skana ukiwa na ukijivu na madoa, wengi hukimbilia kompyuta kuusafisha, ilhali sehemu kubwa ya usafi huo hupatikana kabla ya kuskani. Acha wino ukauke kabisa, futa penseli kwa raba laini, kisha ondoa mabaki ya raba kwa brashi wala si kwa kiganja, ambacho husambaza weusi wa penseli karatasini. Kioo cha skana nacho kifutwe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kwani unywele mmoja ukinasa hapo utageuka mstari ambao hukuuchora. Karatasi ikiwa nyepesi au imechorwa pande zote mbili, ifunike kwa karatasi nyeusi ili mchoro wa upande wa pili usijitokeze.

Zima marekebisho yote ya kiotomatiki. Chagua hali ya kijivu (grayscale), hata kama wino ni mweusi tupu, kwa sababu hali ya nyeusi na nyeupe hulazimisha kila nukta iwe ama nyeusi ama nyeupe, na mistari myembamba hukatika au hupata meno kama ya msumeno. Nukta 600 kwa inchi zinatosha. Karatasi ya A4 itatoa picha ya pikseli zipatazo 4,960 kwa 7,016. Hifadhi kwa aina ya faili ya TIFF au PNG, maana ile ya JPEG huacha vidoa vya ukungu kandokando ya mistari. Ukiskanisha stesheneri, yaseme haya mapema, la sivyo mchoro wako utashughulikiwa kama cheti.

Baada ya hapo fungua nakala kwenye programu ya kuhariri picha kama GIMP, ambayo ni ya bure, na utumie chombo cha viwango vya rangi (Levels). Chini ya grafu yake kuna pembetatu: ya kulia isogeze kushoto hadi karatasi iwe nyeupe, na ya kushoto isogeze kulia hadi wino ukolee, huku ukitazama kwa ukubwa wa asilimia 100 mistari myembamba ya kivuli; ikianza kukatika, rudi nyuma kidogo. Mimi hukiepuka chombo cha kawaida cha kuongeza mwangaza (Brightness), kwa sababu hufifisha wino pamoja na karatasi.

Waliotangulia kuchora kwa penseli ya buluu hawana haja ya kufuta. Waskani kwa rangi, kisha wabakize chaneli ya buluu peke yake, yaani sehemu ya picha inayobeba mwanga wa buluu tu, ambamo penseli hiyo hufifia hadi kukaribia weupe wa karatasi huku wino ukibaki mweusi.