Klarineti Safarini: Ya Kupanga Kabla Hujaondoka

Mpiga klarineti anayetaka kula kwa jazi atazunguka tu, apende asipende. Na mara nyingi utasafiri peke yako: mwenyeji ndiye anayekutafutia mpiga kinanda, besi na ngoma, mnakutana saa chache kabla ya onyesho. Nayaandika haya kwa ajili ya saa hizo chache.

Anza na mti. Klarineti nyingi nzuri huchongwa kwa mpingo, na mpingo haupendi kushtuliwa. Ukiingia kutoka kwenye baridi ukapuliza papo hapo, ndani kunapata joto na unyevu wa pumzi, nje bado kumepoa. Ndani kunatanuka, nje kunagoma, na ufa unatokea, hasa kwenye kipande cha juu. Kibane kwapani kwanza hadi ukisikie kimeacha ubaridi wake. Usikipashe kwa kupuliza, maana hapo ndipo unapokipasua. Kila mapumziko pitisha kitambaa ndani. Kwenye ndege ala inakaa na wewe, haiendi kwenye mizigo. Karatasi za mpakani zilikuwa shida tangu 2017, jamii ya mpingo ilipoingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini; 2019 ala zilizokamilika zikalegezewa. Ila klarineti ya kale yenye pete za pembe za ndovu, iache nyumbani.

Ridi, kile kipande chembamba cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni, beba za ugumu wa aina mbili. Hali ya hewa ikibadilika, na zenyewe hubadilika.

Halafu kuna kinanda cha ukumbini, ambacho hakitakusubiri. Kwingine noti yake ya A imewekwa mitetemo 440 kwa sekunde, kwingine 442. Kushusha sauti ni rahisi, unavuta viungio kidogo. Kupandisha ndiko kugumu. Kwa hiyo mimi hutembea na mapipa mawili (pipa ni kile kipande kifupi kati ya kinywa cha ala na kipande cha juu), la milimita 66 na la 65; hilo fupi limeniokoa mara nyingi kuliko ufundi wangu.

Sasa tungo zako. Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu, kwa sababu wanawaandikia watu wanaowajua. Mwandikie mtu ambaye hamjawahi kuonana. Wimbo mmoja, ukurasa mmoja. Kasi iandike kwa namba, usiandike “taratibu” ukadhani inatosha. Umbo la wimbo liweke juu kabisa: kama ni A-A-B-A (sehemu ya kwanza mara mbili, ya pili, kisha ya kwanza tena) ya baa 32, sema hivyo, mwisho ukiwa na baa nne za ziada, zizungushie duara. Karatasi ya kinanda na besi iwe kwenye sauti halisi, yako ya B-flati iwe mbali nayo kabisa, maana wewe ukisoma C inatoka B-flati, na mpiga besi akishika karatasi yako mtapishana toni nzima hadi mtu asimamishe wimbo.

Kwenye mazoezi usipige nyimbo zote. Pigeni mianzo, miisho na pale panapobadilika mwendo. Katikati mtabuni jukwaani, ndiyo jazi yenyewe.

Ukialikwa kupiga na wanamuziki wa mila nyingine, msikilize mpiga klarineti Tony Scott. Alikuwa mtu wa bebop, ile jazi ya kasi, wa New York, mwenye sauti kubwa, akaondoka 1959 kwenda Asia. Mwaka 1964 alirekodi Japani pamoja na Shinichi Yuize wa koto, ala ya nyuzi ya Kijapani, na Hozan Yamamoto wa shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya huko. Sikiliza anavyowaachia nafasi. Hajaribu kuwafanya wapige bebop. Fanya zoezi hilo: dakika za mwanzo jibu tu, usianzishe.

Malipo, malazi na nauli viandikwe kabla ya kukata tiketi. Sajili tungo zako kwenye chama cha hakimiliki cha nchini kwako, na baada ya kila onyesho muulize mwenyeji kama orodha ya nyimbo zilizopigwa imepelekwa kwenye chama cha hakimiliki cha huko. Mtunzi ambaye jina lake halimo kwenye orodha hiyo huenda asilipwe, hata kama ukumbi wote ulikuwa ukiimba wimbo wake. Kama haijapelekwa, ijaze mwenyewe usiku huohuo.