Somo: Sharti la kazi kwenye msaada wa chakula, bajeti inapungua kiasi gani?

Wanadarasa, habari za leo. Shikeni kalamu. Mfano wetu ni SNAP, msaada wa chakula wa Marekani. Tangu sheria ya 1996, mtu mzima asiye na ulemavu wala mtoto wa kulea hupewa miezi 3 tu katika kila miezi 36, asipofikisha saa 80 za kazi au mafunzo kwa mwezi. Mwaka 2023 Bunge la huko lilipitisha kuongeza umri wa wanaobanwa, kutoka 49 hadi 54.

Hatua ya 1. Andika matumizi yangekuwaje sheria isipoguswa. Ukikosea hapa, yote yanayofuata yanapinda.

Hatua ya 2. Hesabu wanaoguswa, toa waliosamehewa. Tuseme ni 100,000, waliosamehewa 40,000. Wamebaki 60,000.

Hatua ya 3. Wangapi watakatwa? Hapa msiharakishe. Tuseme 35,000 hawafikishi saa, na 3,000 kati yao watapata kazi. Wengi huishia hapo na kuandika 32,000. Wamesahau wanaofanya kazi lakini karatasi zao hazikufika. Jimbo la Arkansas lilipoweka sharti kama hili kwenye bima ya afya ya Medicaid mwaka 2018, watu walitakiwa kuripoti mtandaoni, na tovuti ilifungwa kila siku saa 3 usiku hadi saa 1 asubuhi. Atokaye zamu saa 4 usiku aripoti lini? Zaidi ya 18,000 walipoteza bima kabla mahakama haijasimamisha sharti hilo mwaka 2019. Kwa hiyo, tuseme wa namna hiyo ni 5,000, ongeza: jumla 37,000.

Hatua ya 4. Zidisha. Kwa posho ya dola 200 kwa mwezi, mwaka wa kwanza: 37,000 × 200 × 9 = dola milioni 66.6.

Hatua ya 5. Toa gharama ya kukagua. Dola 10 kwa mtu kwa mwezi, watu 60,000, miezi 12: milioni 7.2. Inabaki 59.4.

Maswali

*Mwalimu, mbona 9 na si 12?*
Miezi 3 ya mwanzo bado wanalipwa. Mwaka wa pili tumia 12 kwa wasiorudi.

*Kubana sharti kunaweza kuongeza matumizi?*
Ndiyo, ndugu yangu. Sheria ile ya 2023 iliwasamehe pia wasio na makazi, maveterani na vijana waliolelewa chini ya uangalizi wa serikali. Ofisi ya Bajeti ya Bunge, CBO, ilikadiria matumizi ya SNAP yangepanda kwa dola bilioni 2.1 hivi katika miaka 10. Ndiyo maana hatua ya 2 hairukwi.

*Hao 3,000 waliopata kazi si ndio faida kubwa?*
Hapana. Aliyefikisha saa 80 anaendelea kupokea; posho yake hupungua tu kadiri kipato kinavyopanda. Na watafiti waliofuatilia Arkansas hawakuona ajira ikiongezeka. Hata hiyo 3,000 nimewapa kwa ukarimu. Rudieni hesabu mkiweka sifuri.